Kitabu Kisicho na Jalada

Mezani kwangu Kibuye, kati ya soli za viatu
na vitabu vya hesabu vya mtaala uliokufa,
ipo riwaya moja ninayoikodisha shilingi ishirini kwa wiki.
Jalada liling'oka zamani. Jina la mtunzi walilila mende.
Wengine hukiita "kile cha reli",
wengine "kile cha Amondi",
na Wafubwa, bawabu wa benki, huuliza tu:
"Yule dada amerudi?"

Ni mapenzi ya enzi garimoshi lilipofika ziwani:
Amondi, ambaye ng'ombe wa mahari yake wameshaingia zizini,
na Shafii, karani wa stoo, mgeni wa pwani,
mwenye mwandiko mzuri na ahadi nyingi.

Mwalimu Ogweno alikisoma kwa kalamu nyekundu.
"Mwaka huo daraja hili halijajengwa."
"Saa ya mkononi? Ya nani?"
Akakipa nne kwa kumi, akapiga mstari mara mbili.
Lakini alikichelewesha wiki tatu,
na ukurasa wa tisini, pale wanaposhikana mikono gizani,
una doa la mchuzi, kubwa kama sarafu,
la mtu aliyesahau kijiko hewani.

Kerubo, nesi wa zamu ya usiku, hakujali tarehe.
Aliandika neno moja pembeni, mara tisa: "Mwoga."
Mwoga nani?
"Shafii, nani tena? Mwanamume wa kumwandikia barua
msichana asiyejua kusoma!"

Perpetua Adongo, muuza omena, alikirudisha kwa kukibwaga.
"Huyu mtunzi ana njaa. Midomo zabibu, mashavu papai,
shingo sijui muwa. Tupo sokoni au mapenzini?
Tena binti anashinda dirishani akihema.
Dirisha gani? Nyumba ya nyanya yangu ilikuwa na mlango na moshi.
Nani alikuwa na nafasi ya kuhema, na maji yako mtoni?"
Wiki iliyofuata akakikodi tena.
"Nataka kuhakikisha kama kweli ni kibaya."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
na hiki kilikuwa kinafanya yote mawili.

Ugomvi ulizuka Jumapili ya mvua,
wote wanne wamejibanza chini ya turubai langu.
"Alifanya vyema kulipanda lile gari," Kerubo akasema.
Wafubwa akashtuka. "Kulipanda? Amondi hakupanda.
Angemwachaje mamake, mwaka wa ndui?"
"Alipanda!"
"Umeota zamuni."
Wakakirukia kitabu, wakalowesha vidole mate, wakafunua.
Mia mbili na kumi.
Kisha mia mbili na kumi na tatu.
Katikati, uzi wa mshono na kijimeno cha karatasi iliyochanwa.
Na ukurasa wa mwisho ni mvuke tu, na jogoo,
na kibuyu kilichosahaulika jukwaani.

Kila mmoja alikuwa ameliruka shimo lile
akatua upande aliotaka kutua.

Wakanigeukia. Wewe mwenye kitabu, mwisho wake ni upi?
Hapo aibu yangu ikatoka hadharani:
miaka kumi na mmoja nakikodisha,
sijawahi kuvuka sura ya pili.

Tukabaki na Mwalimu, aliyekisoma kikiwa kizima.
Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena.
"Sikumbuki," akasema.
"Pale nilikuwa nasahihisha saa ya treni."

Kerubo alicheka mpaka akaketi juu ya kamusi.
Perpetua hakucheka. Aliinamia beseni lake,
akanipimia omena niliyoagiza tangu asubuhi,
akaongeza konzi, akaongeza nyingine, bila kuombwa,
akaifunga kwa gazeti, macho yake kwenye mvua.

Sikumwuliza.
Usiku nilikisoma chote kwa taa ya simu,
nikafika ukingoni mwa lile shimo, nikasimama
kama mtu aliyewahi stesheni na mzigo kichwani.
Asubuhi nikapandisha bei: ishirini na tano.
Wafubwa alilipa, wala hakuomba chenji.